Zuio la Mama Limi

Hukumu ilisomwa asubuhi, na kabla watu hawajatawanyika Mageni alikwishaanza kupokea mikono ya pongezi. Paskalia alibaki ameketi upande wa wanawake, kanga ameivuta mpaka kwenye paji la uso.

Baraza la mtemi lilikuwa limeamua kwamba Limi ni mtoto wa ukoo wa baba yake. Ng'ombe wa mahari ya Paskalia walitolewa wote, hakuna aliyebisha hilo, na kwa kuwa mume wake Maganga amekwisha kufa, mwenye kauli juu ya binti ni ndugu wa Maganga. Kwa hiyo Limi akabidhiwe kwa baba yake mdogo, Mageni, na Mageni ndiye atakayesema aolewe lini na aolewe na nani.

Huyo nani alikuwa anajulikana tayari. Kulikuwa na mtu wa Geita, fundi wa kusimamisha nguzo za mbao ndani ya mgodi, aliyekuwa amekuja Kishapu kutazama na kuondoka ameridhika. Lini nayo ilijulikana: pamba ikishauzwa.

"Shemeji, usinune," Mageni alimwambia alipompita. "Mtoto haendi mwezini. Anakwenda kwa baba yake."

"Baba yake yuko kaburini."

"Na mimi nimesimama hapa, unaniona. Au mpaka nivae joho la padri ndiyo unione?"

Wanaume waliokuwa karibu walicheka. Mageni hakuwa mtu wa kuchukiwa kirahisi, na hilo ndilo lililomchosha. Ndiye aliyechimba kaburi la Maganga kwa mikono yake, ndiye aliyeezeka upya nyumba ya mjane kabla ya mvua, na hakudai hata kibuyu cha pombe. Alitaka tu mambo yaende kama yalivyokwenda siku zote.

Lakini Maganga, homa ikiwa imemlaza na sauti imebaki kidogo, alikuwa amemwambia mkewe, "Huyu asome." Hayo yalikuwa maneno ya mwisho yenye maana kutoka kwake, na hayakuwa na shahidi mwingine ila Paskalia na Mungu. Limi, aliyezaliwa mwaka wa nzige, alikuwa amemaliza shule ya wasichana ya misheni, na masista walikuwa wamemwekea nafasi ya kujifunza uuguzi mwaka utakaofuata. Paskalia mwenyewe aliishia darasa la nne. Kila jioni baada ya rozari binti yake alimsomea kwa sauti, na yeye alisikiliza huku akichambua choroko, akiona kama anavuka mto akiwa amebebwa.

Mtu wa kumshauri alikuwa katekista Bartholomeo, mzee mfupi mwenye baiskeli isiyokuwa na breki. Alimpakia nyuma mpaka palipokuwa na lori la pamba, wakaenda Shinyanga ofisini kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, maana rufaa kutoka kwa mtemi ilikwenda kwake.

Aliyewapokea ni karani, kijana wa Bukoba aliyeitwa Eustace, shati lake limenyooka kama karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Rufaa nitaiandika leo," alisema. "Ila nielewe, mama. Rufaa peke yake haimfungi mtu mikono. Wewe utakuwa umekata rufaa, na ile hukumu ya kule inaendelea kutembea. Bwana Shauri ana mashauri mengi na safari za vijijini. Mpaka akusikilize, mvua zitakuwa zimeanza."

"Na binti?"

"Atakuwa keshaolewa."

"Sasa hiyo rufaa ni dawa ya nini?" aliuliza Bartholomeo.

Eustace alitabasamu kidogo. "Ndiyo sababu kuna ombi la pili, mzee. Tunaomba zuio. Bwana Shauri anaweza kuamuru hukumu isitekelezwe kwanza, mpaka rufaa isikilizwe. Lakini hatoi hivi hivi kwa kuwa mtu analia. Anataka aone hujakawia kuomba, na hapo uko sawa, umekuja upesi. Halafu anataka kujua, hukumu ikitekelezwa na baadaye wewe ukashinda, utakuwa umepoteza nini kisichorudishika. Maana ukinyang'anywa ng'ombe, ukishinda utapewa ng'ombe. Hilo kwake halitoshi."

Paskalia aliangalia mikono yake. "Andika," alisema polepole, "kwamba msichana akishakuwa mke wa mtu, hakuna baraza litakalomrudisha kuwa msichana."

Kalamu ya karani ilisimama kidogo, kisha ikaandika kama alivyosema.

"Bado dhamana," Eustace aliendelea. "Upande wa pili nao wana haki yao. Wakisubiri halafu wewe ukashindwa, nani atahakikisha binti hajafichwa Tabora au kwa masista?"

"Mimi," Bartholomeo alisema. "Ng'ombe wangu wamekonda, lakini serikali inawajua wote kwa sura. Juzi tu walihesabiwa ili wapunguzwe."

"Utawaweka?"

"Nimesema mimi, kijana. Unataka na mke wangu niweke?"

Karani alicheka, akaandika. Kisha alimgeukia Paskalia na uso wake ukawa wa kazi. "La mwisho ndilo kubwa. Zuio linazuia jambo ambalo bado halijatendeka. Likishatendeka, hakuna cha kuzuia. Ombi litasikilizwa Jumatatu ya pili. Mpaka siku hiyo binti asitoke mikononi mwako. Tarishi wa mtemi akija, mwambie umeomba zuio. Usimtoe kwa mtu."

"Simtoi kwa mtu," Paskalia alisema.

Na tarishi alikuja. Aliitwa Januari, mtu mrefu aliyependa uji kuliko amri. Alikaa kivulini, akanywa bakuli zima, akasikiliza habari za Shinyanga, akajifuta midomo. "Mimi leo sikukuta mtu hapa," alisema. "Nimekuta kuku tu. Na kuku hawajui Kiswahili." Kisha alikwenda zake, na Limi alicheka mpaka akashika tumbo. Paskalia aliukumbuka mcheko ule kwa muda mrefu.

Ilikuwa Jumatano ya juma lile Paskalia alipokwenda kumjulia hali mama mkwe wake. Bibi yule aliishi katika mji wa Mageni, kwenye nyumba yake ndogo nyuma ya zizi, na kifua kilikuwa kimemwangusha tangu mavuno. Paskalia alipiga magoti mlangoni, akamwita mama kwa lugha yao.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Ingia, sina nguvu za kukupigia kelele huko nje." Bibi alikohoa kwa muda mrefu, akafuta mdomo kwa kipande cha kitambaa, akakikunja haraka. Paskalia aliona. "Niletee mwenzangu," bibi alisema, maana ndivyo alivyomwita mjukuu wake kwa utani, mke mwenza. "Hawa wa hapa wananigeuza kama gunia. Limi ana mkono mwepesi."

"Mayu," Paskalia alisema, "hapa ni kwa Mageni. Na unajua mambo yaliyopo kati yetu."

"Hapa ni kwangu. Mageni nilimzaa mimi, hakunizaa." Macho ya bibi yalikuwa yameingia ndani, lakini hayakuwa na hila, Paskalia aliyatazama vizuri akitafuta hila, hakuiona. "Mambo yenu ya baraza mtayamaliza nikiisha kwenda. Sikuombi unipe mtoto. Nakuomba anichotee maji."

Huyu ndiye aliyempokea Paskalia alipoolewa, ndiye aliyemtetea miaka aliyokaa bila kupata mtoto wakati wengine walikuwa wanamtafutia Maganga mke wa pili. Maganga alipokufa, walilala wawili katika ngozi moja, mama na mjane, wakishikana mikono. Paskalia alirudi nyumbani akisali njia nzima. Padri alikuwa amehubiri Jumapili ile juu ya kuwatazama wagonjwa. Aliyaweka maneno ya karani upande mmoja na sauti ya yule bibi upande wa pili, akaona kwamba kumuuguza bibi hakuwezi kuitwa kumtoa mtoto. Hata mtu mgumu vipi angeona hivyo.

Lakini kile kitambaa kilichokunjwa hakikumtoka kichwani. Zamani, Maganga alipokuwa kibarua mgodini Geita, wake za wafanyakazi waliitwa hospitalini wakafundishwa juu ya kikohozi kinacholeta damu: msilale tandiko moja na mgonjwa, msinywe kikombe kimoja. Kwa hiyo alipomfungashia Limi, alimpa mkeka wake, blanketi lake, na kikombe chake cha bati.

"Mayu, mkeka wa nini?" Limi aliuliza. "Kwa bibi mikeka imejaa."

"Lala mbali na kifua chake. Maji unywe kwa kikombe hiki tu. Na usimwambie sababu, utamwumiza."

"Akiuliza?"

"Sema umezoea vitu vyako."

Walipita pamoja njiani, mzigo uko kichwani kwa Limi, mkeka umesimama juu kama bomba. Watu waliokuwa wanachuma pamba waliinua vichwa. Walipofika kwa Mageni, mke wake, Esta, alitoka mbio akaupokea ule mzigo, akauingiza ndani mwenyewe kwa mikono miwili. Paskalia aliona ni adabu tu.

Bibi alikufa Ijumaa alfajiri, kichwa chake kiko mapajani mwa Limi. Walimzika Jumamosi. Wajukuu hawakuruhusiwa kuondoka katika mji mpaka matanga yavunjwe, na hakuna mtu ambaye angemwelewa Paskalia kama angemvuta binti yake kutoka kwenye msiba wa bibi aliyempa jina. Alimwacha. Jumatatu alipanda lori na Bartholomeo, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Mageni naye alikuwa katika lori lile lile, kanyolewa vile vile, na walisafiri wakiegemea magunia yale yale bila kusemezana.

Bwana Shauri alikuwa Mwingereza mwembamba aliyesema Kiswahili cha taratibu. Pembeni yake walikaa wazee wawili wa kumshauri juu ya mila. Eustace alisoma ombi. Rufaa ipo. Mwombaji hakukawia. Mdhamini ni huyu hapa, na mifugo yake inajulikana. Hasara aliisoma kwa maneno ya Paskalia mwenyewe, na Bwana Shauri aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa, akashika kalamu. Paskalia aliiona kalamu ikichovywa wino.

"Bwana, nina neno moja," Mageni alisema. "Huyu shemeji yangu anaomba kuzuia nini? Binti yuko kwangu. Alimleta mwenyewe."

Kalamu ilirudi mezani.

"Ni kweli?" Bwana Shauri aliuliza.

"Alikwenda kumuuguza bibi yake," Paskalia alisema. "Bibi aliniomba. Amefariki."

"Poleni." Bwana Shauri aliwageukia wazee. "Mtoto kwenda kumuuguza bibi yake, kwenu ni kukabidhiwa?"

"Hapana," mmoja alijibu bila kusita. "Huko ni kusaidia." Kisha alimtazama Paskalia, naye hakuwa na ubaya, alikuwa mzee anayetaka kumaliza vizuri. "Mama, alikwenda na nini?"

"Na mkeka wake," Mageni alijibu kabla yake. "Na blanketi. Na kikombe chake cha maji. Kishapu nzima waliona. Mke wangu alipokea mzigo mlangoni."

Wazee wote wawili walitazamana. Yule wa pili, aliyekuwa hajasema kitu tangu asubuhi, alimgeukia Bwana Shauri. "Bwana, mtoto akienda kwa bibi yake kulala, haendi na tandiko. Atatandikiwa. Mama akimtoa binti na tandiko lake na chombo chake cha kunywea, na wenyeji wakapokea ule mzigo, kwetu huyo amehama."

"Sikumhamisha," Paskalia alisema.

"Basi sema ilikuwaje."

Mkwe wake alikuwa na siku mbili tu ardhini. Mageni, mwana wa marehemu, alikuwa amesimama pale na kichwa kinachong'aa kwa kunyolewa. Kusema mbele za watu kwamba aliogopa kulaza mtoto wake kwenye tandiko la bibi yule, kwamba kikombe cha mama yao kilikuwa cha kuogopwa, ni tusi ambalo hata adui hamtupii adui. Alikaa kimya muda mrefu kupita kiasi, akajua kabisa kwamba ni mrefu kupita kiasi.

"Kwa sababu ya kikohozi," alisema mwishowe.

"Sema watu wasikie," Mageni alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka. "Mama yangu alikuwa na nini?"

"Sikutaka mtoto augue."

"Umekula naye chungu kimoja miaka yote. Leo amekufa ndiyo amekuwa sumu?"

Mzee wa kwanza aligeuza uso wake dirishani. Bartholomeo alikuwa ameinamisha kichwa. Bwana Shauri alingoja utulivu urudi, kisha akauliza swali moja, bila ukali.

"Kuna mtu aliyekulazimisha kumpeleka? Au ulimpeleka mwenyewe?"

Paskalia alijua jibu lililohitajika. Aliona mahali pa kuliweka. Angesema tu kwamba Mageni alituma watu, na Bartholomeo, mtu mwema, asingembishia.

"Nilimpeleka mwenyewe," alisema.

Bwana Shauri alikunja karatasi ya ombi. Alieleza kwamba rufaa inabaki na itasikilizwa kwa zamu yake. Zuio hawezi kulitoa. Kilichokwisha kukabidhiwa hakizuiliki. Eustace hakuinua macho kutoka kwenye meza mpaka walipotoka.

Limi aliolewa baada ya matanga. Paskalia hakwenda. Siku ile alipalilia shamba lililokwisha kupaliliwa.

Mvua zilikuja. Bwana Shauri alihamishwa, akaja mwingine, na mashauri yakaanza upya tangu chini ya rundo. Pamba ilipandwa, ikachumwa, ikauzwa. Kila Paskalia alipokwenda Shinyanga, Eustace alimletea kiti na kumwambia bado. Siku rufaa iliposikilizwa, ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maharage. Bwana Shauri mpya aliuliza kama kuna mtu yeyote, barazani au nyumbani, aliyemwuliza Limi kama anataka kuolewa. Hakuna. Basi hukumu ya kwanza ikafutwa, na binti akaamriwa arudishwe kwa mama yake. Nje Mageni alimsogelea Paskalia akasema, "Umeshinda, shemeji," kama mtu anayempa pole.

Januari ndiye aliyetumwa kumsindikiza Paskalia mpaka Geita. Njiani alijaribu utani wake wote, ukamwishia kabla hawajafika Mwanza.

Walimkuta Limi mbele ya nyumba ya udongo, si mbali na mgodi, anapepeta mtama na mtoto mgongoni. Aliweka ungo chini, akapiga magoti, akaamkia. Alikuwa amenenepa kidogo usoni. Paskalia hakuwa ameambiwa habari za mtoto.

Mume wake, aliyeitwa Sikujua, alitoka ndani akiwa na nguo za zamu. Alisikiliza karatasi ikisomwa mpaka mwisho.

"Hukumu ni hukumu," alisema. "Sitapigana na serikali. Aende. Ila mtoto ni wa kwetu, ng'ombe wangu walifika. Sasa ananyonya, amchukue. Akiachishwa ziwa nitamfuata."

"Ana haki hiyo?" Paskalia alimwuliza Januari.

"Akienda barazani atapewa," Januari alisema, akitazama viatu vyake. "Ndivyo wanavyohukumu."

Sikujua aliwaachia uwanja, akaenda kukaa upande wa pili wa nyumba. Limi alirudia kupepeta. Makapi yalipaa na kuangukia miguuni pa mama yake.

"Walisema ulitamka mwenyewe kwa Bwana Shauri," Limi alisema. "Kwamba ulinipeleka."

"Nilitamka."

"Ungesema hapana."

"Ungekuwa uongo."

"Ungekuwa uongo mdogo, mayu."

Paskalia alikaa chini karibu naye. Alitaka kueleza habari za kikombe na kile kitambaa, lakini Limi alikwisha kuzijua. Ndiye aliyekifua kile kitambaa. Kilichobaki ni kumwuliza lile ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza, hata yeye.

"Unataka nini, mwanangu?"

Ungo ulisimama. "Sasa ndiyo mnaniuliza," Limi alisema. Alinyoosha mkono nyuma akamshika mtoto mguu, akaushikilia. "Simwachi huyu."

Paskalia alimtazama binti yake vizuri, kama alivyomtazama yule bibi siku ile akitafuta hila. Kisha akamwita tarishi.

"Januari, rudi Shinyanga. Mwambie Eustace hukumu nimeipata, namshukuru. Isitekelezwe."

"Mpaka lini, Mama Limi?"

"Mpaka mimi niseme."

Januari alikunja karatasi yake. Alionekana anatafuta neno la kuchekesha, akaliacha, akaenda kutafuta lori.

Limi alimfungua mtoto mgongoni akamkalisha kwenye mapaja yake mwenyewe. Hakumpa Paskalia ampokee. Kule mgodini king'ora cha zamu kililia, na Sikujua akapita akiwa na taa yake.

"Nafasi yangu kule kwa masista," Limi aliuliza, "walimpa nani?"

"Binti mmoja wa Kahama."

"Anaweza?"

"Sikuuliza."

"Ungeuliza," Limi alisema, na akaanza kumnyonyesha mtoto, amegeukia ukutani.